Lujein Aliitikia

"Riyali mia tatu na themanini!" Mwatime alisema, na safari hii hakuinamisha kichwa. "Madam, mimi sikuomba kwenda kuangalia Waairishi wakirukaruka. Uliniambia nimshike mtoto, nikamshika. Ile ilikuwa kazi, na kazi hailipiwi na mfanyakazi."

Madam Abir alikuwa ameketi jikoni na karatasi ya mshahara mbele yake. Mshahara wenyewe ni riyali elfu moja kwa mwezi.

"Mtu aliye kazini hapigi kelele," alijibu. "Ulisimama ukapiga ukelele kuliko watu wote mle ukumbini. Ulifurahi. Aliyefurahi alipie tiketi. Halas."

"Nilipiga ukelele mmoja tu."

"Mmoja wa riyali mia tatu na themanini."

Mwatime alifungua kinywa amjibu, maana alikuwa mtu wa kulisema lake papo hapo na miaka minne ya kufanya kazi za nyumbani Jedda haikumtibu ugonjwa huo. Ndipo dari ikalia juu yao. Tak. Tak-tak. Tak.

Madam alitabasamu. "Lujein huyo. Tangu turudi kutoka Riyadh hana mchezo mwingine. Nitamnunulia viatu vile vya chuma vya wachezaji."

Mwatime alitazama juu. Chumba cha Lujein kina zulia zito ukuta kwa ukuta. Yeye mwenyewe hulipiga brashi kila asubuhi. Na dakika kumi zilizopita alimwacha mtoto mle ndani, miguu mitupu.

Tak-tak. Tak.

Ugomvi ukamkauka mdomoni. Alikuwa amekumbuka alipiga ukelele gani.

Familia ilikwenda Riyadh kwa ndege wikendi ile, mchezo wa jukwaani wa Waairishi usimpite binti. Lujein ana miaka saba, ni wa pekee, na akitaka hupewa. Walikaa safu ya tano, Mwatime na mtoto pamoja, wazazi mbele yao. Taa zikazimwa. Wakatokea watu thelathini kwa mstari mmoja, mikono imenyooka ubavuni kama iliyofungwa kamba, nyuso hazitikisiki, na chini ya magoti miguu inaruka kama mvua ya mawe juu ya mabati. Mwatime aliwatazama akacheka moyoni: hawa wanacheza au wameadhibiwa?

Kisha wachezaji wakaondoka, akabaki mzee mmoja na ngoma ya duara, ya ngozi ya mbuzi, ameiegemeza pajani. Akaipiga taratibu. Na Mwatime, aliyezaliwa Msambweni katika nyumba iliyokuwa ikichezewa ngoma za pepo, akalijua pigo lile. Hakujua Waairishi walilipata wapi. Lilikuwa pigo la bibi yake, lile la kumwita pepo mwenyewe apande kichwani. Miaka minne hakuwa amesikia ngozi ikipigwa na mkono wa mtu. Machozi yakamjaa, ukumbi mzima unapiga miluzi, naye akasimama akaita kama wanavyoita kwao waganga wakifungua shughuli:

"Taireni!"

Mtoto aliyekuwa pembeni yake akaitikia kwa sauti nyembamba na safi: "Za Mulungu!"

Hapakuwa na ajabu. Mwatime ndiye aliyemfundisha. Lujein alikuwa akiogopa kumwagiwa maji kichwani, basi bafuni wakatunga mchezo: Mwatime anaita, mtoto anaitikia, maji yanamwagwa, wanacheka. Miaka miwili wameucheza. Pale ukumbini pia walicheka, wakapigana viganja.

Ila njia nzima ya kurudi hotelini mtoto alinuka ngozi mbichi iliyowambwa karibu na moto.

Harufu ile ndiyo iliyofuatana nao hadi Jedda. Wiki ya kwanza ilikaa chumbani mwa Lujein tu, saa za baada ya adhuhuri, nyumba nzima ikiwa imelala na mapazia yamefungwa dhidi ya jua la mtaa wa Al-Hamra. Madam alidhani ni kiyoyozi, akaita fundi. Mtoto alikuwa akisimama katikati ya zulia, mikono ubavuni, uso umetulia kama wa sanamu, na miguu peke yake inakwenda. Ukimshika anaacha. Ukimwachia anaendelea. Nyayo zikaanza kuchubuka, na shuka Mwatime akazifua mwenyewe kwa mkono kabla Madam hajaona.

Wiki ya pili mikono ikafunguka. Mabega yakaanza kutetemeka, kwanza la kushoto, kisha yote mawili, kichwa kikaning'inia kikawa kinazunguka. Waairishi hawachezi hivyo. Wanaocheza hivyo Mwatime aliwajua.

Alimweleza Truphena, Mkenya mwenzake wa jumba la pili, walipokutana kwenye pipa la takataka.

"Wee! Mimi kwetu ni Kakamega," Truphena alisema, akirudi nyuma hatua mbili na mfuko wake. "Hayo majini yenu ya Coast usiniletee."

"Truphe, sicheki."

"Hata mimi sicheki." Akashusha sauti. "Umemwambia madam?"

"Nimwambie nini? Kwamba nilimfundisha mtoto wake maneno ya waganga?"

Truphena alitazama lango, kisha kamera iliyo juu ya lango. "Funga mdomo, dada. Hapa mfanyakazi akitajwa pamoja na neno sihiri, hakuna atakayengoja umalize kueleza. Nenda nyumbani."

"Pasipoti yangu anayo kafili aliyeniajiri."

"Basi mpigie mama yako."

Alimpigia akiwa amejifungia stoo, kati ya magunia ya mchele. Mama yake alisikiliza hadi mwisho. Halafu Mwatime akasikia mlango ukifungwa upande ule.

"Mayo, upo?"

"Nipo. Yule pepo ni wa bibi yako. Aliahidiwa ngoma siku saba mfululizo, ndipo atoke katika nyumba yetu kwa amani. Bibi yako akafa kabla. Mimi nikasema hayo mambo ya kizamani, nikaacha."

"Si upige hizo ngoma sasa! Piga hata leo!"

"Niliziuza," mama alisema kwa sauti ndogo. "Kwa hoteli moja ya Diani, wazitundike ukutani. Wewe ulidhani pesa za ajenti wako zilitoka wapi?"

Mwatime aliketi juu ya gunia.

"Kwa nini hakunipanda mimi? Mimi ndiye niliyeita."

"Anayeita si kiti cha pepo, mwanangu. Kiti chake ni yule aliyeitikia. Na huko hakuna wa kumpungia. Msihi angoje."

Siku ya Jumatano Madam aliziona nyayo za bintiye. Daktari alipima damu, akapiga picha ya kichwa, akasema mtoto ni mzima. Alhamisi Bwana Yassir, mumewe Madam, mtu mpole asiyependa makuu, akasema amempata sheikh wa kumsomea, atakuja Ijumaa baada ya sala ya alasiri. "Husoma," alieleza mezani, "kisha humuuliza jini maswali mawili tu. Wewe nani, na nani amekuleta."

Mwatime alikuwa akipakua supu. Hakumwaga hata tone.

Ijumaa mchana, nyumba ilipolala, alipanda ngazi akapiga magoti mbele ya mtoto, akazungumza na yule asiye mtoto, kwa unyenyekevu ambao hakuwahi kumpa mwajiri yeyote: alimwambia mkataba wake umebaki miezi minane, kwamba akifika Msambweni atazikomboa ngoma hata kwa kuuza mabati ya nyumba, atawaita wapigaji, atanunua mbuzi, marashi na kanga nyeupe, yote, siku zote saba, bora tu ashuke leo kutoka kwa mtoto huyu asiye na kosa, na alipokuwa akisema miguu ikaendelea polepole mbele ya uso wake, tak, tak-tak, damu kidogo ikibaki kwenye zulia kila unyayo uliponyanyuka, na harufu ya ngozi na moto ikamjaa puani hadi akakohoa, na hakuna sauti iliyomjibu.

Alasiri sheikh alifika. Alikuwa kijana, sauti yake nzuri. Lujein aliketi kwenye kiti kikubwa cha sebuleni, mama upande huu, baba upande ule, na Mwatime akaambiwa asimame nyuma amshike mabega, kwa kuwa mtoto amemzoea. Kisomo kilipoanza mabega yakatulia. Madam akaanza kulia kwa furaha. Sheikh akasoma, akasoma, jasho likimtoka pamoja na baridi ya kiyoyozi, na chini ya viganja vyake Mwatime akahisi mwili ule mdogo ukiwa mzito, mzito kama wa mwanamke mzima aliyejifungua watoto tisa na kuwazika wanne.

"Wewe nani?" sheikh aliuliza. "Na nani amekuleta?"

Mtoto aligeuza shingo, taratibu, mpaka akamtazama Mwatime aliyekuwa nyuma yake. Akatabasamu kwa midomo ya Lujein, akasema kwa sauti ya kikohozi cha bibi yake Mwatime, kwa lugha ambayo mle sebuleni alikuwa akiijua mtu mmoja tu.

Wote wakamtazama Mwatime.

"Anasema nini?" Bwana Yassir aliuliza. Upole ulikuwa umemtoka. "Hiyo ni lugha yako. Anasema nini?"

"Sijui, Baba. Sielewi."

"Mwatime!" Madam alisimama. "Tafsiri!"

Miguu miwili yenye bendeji ikaanza kugonga sakafu ya marumaru.

"Waambie," mtoto alisema. "Ya Riyadh nimeihesabu. Zimebaki ngoma sita. Nataka ya pili leo."