Almasi ya Kahawia

Kila asubuhi Chiku alikuwa wa kwanza kuamka, na Mboni wa mwisho. Tusimfiche Mboni: kwa usingizi alikuwa hodari. Chiku alikuwa amekwisha kuteka maji, kufagia uwanja na kubandika uji, ndipo alipoingia ndani na kumvuta mdogo wake kidole gumba cha mguu.

“Amka, mtoto. Ndege wamekwisha kula mpunga wote wa Katindiuka.”

“Waache wale, dada. Na wao wana njaa.”

“Na wewe utakula nini? Manyoya?”

Hapo Mboni hucheka, na mtu akishacheka usingizi haurudi tena. Wakanywa uji, wakamuaga Shangazi yao aliyekuwa akisuka mkeka barazani, wakaenda shambani kufukuza ndege.

Watoto hawa hawakuwa na baba wala mama. Baba yao, mfanyabiashara aliyetoka pwani akahamia Ifakara, alifariki kabla Mboni hajaota meno. Mama alichukuliwa na njaa iliyofuata vita vya Maji Maji, wakati mashamba ya bonde la Kilombero yalipochomwa moto na maghala yakawa majivu. Watu walikimbilia milimani, juu ya Kisawasawa, na Chiku, mwenyewe akiwa bado msichana mdogo, alimbeba Mboni mgongoni njia nzima. Mboni hakukumbuka vita. Alikumbuka mgongo wa dada yake tu, na kwake mgongo ule ndio uliokuwa nyumba.

Sasa Mboni alikuwa na umri wa kama miaka kumi, na nyumba yake ilitaka kuondoka.

Muhidin alikuwa amerudi. Kijana huyu alikuwa pamoja nao kule milimani, kisha Boma likamchukua kuwa mpagazi, akatembea nchi na mizigo ya Wajerumani kichwani kwa miaka mingi. Miaka yote hiyo Chiku alimngoja. Hakusema kwamba anangoja, lakini msafara wowote ulipopita, aliacha kazi mkononi akaenda kuzitazama nyuso. Muhidin aliporudi, nyayo zake zilikuwa ngumu na sauti yake ilikuwa imekuwa nzito, na alikuwa amepata kazi Kilosa, kwenye reli. Alitaka kumwoa Chiku na kwenda naye.

Shangazi alifurahi. Majirani walifurahi. Mboni alisema amefurahi, kisha akaenda nyuma ya nyumba akalia.

Ukoo wao ulikuwa na desturi yake ya uchumba. Mwanamume hakumwuliza binti anataka pete gani, kwa maana kuuliza ni kukiri kwamba humjui. Alichagua mwenyewe. Pete ilifungwa katika kitambaa, ikafukiwa ndani ya sahani ya mchele, na mwanamke mmoja wa upande wake akaipeleka bila kutamka neno. Binti akiridhika, alimimina mchele chunguni na kurudisha sahani tupu. Asiporidhika, alirudisha mchele na pete yake kabla jua halijachwa, wala hakuulizwa sababu. Jambo moja tu liliruhusiwa: mchumba angeweza kumwuliza ndugu mdogo wa binti. Ndugu wa tumbo moja, walisema wazee, hawezi kumponza ndugu yake.

Ndiyo maana siku moja Muhidin alimchukua Mboni mpaka kwa Mzee Zubeiri, sonara.

“Shikamoo, Mzee,” Mboni akasema.

“Marahaba, mjukuu wangu. Kaa hapo, usiguse moto.” Mzee Zubeiri alitandika kitambaa cheusi, akaweka juu yake mawe mawili. La kwanza lilikuwa jeupe, kubwa kama punje ya hindi, linang'aa mpaka macho yanauma. La pili lilikuwa dogo, na rangi yake ilikuwa ya kahawia.

“Nikuambie mapema, Muhidin, usije ukasema nilikuficha,” alisema. “Hili jeupe ni kioo. Nimelichonga mwenyewe na nimelichonga vizuri, lakini kioo ni kioo. Hili dogo ndilo almasi. Nilipewa na Mhindi aliyenifundisha kazi kule Kilwa. Kila mteja hulikataa kwa sababu ya rangi.”

“Rangi hiyo imepakwa?” aliuliza Muhidin.

“Nani apake kahawia? Mtu akitaka kudanganya, atapaka nyekundu apate wanunuzi. Hii ni rangi yake ya kuzaliwa. Tazama.” Akalipumulia jiwe jeupe, likapata ukungu, na ukungu ukakaa. Akalipumulia la kahawia, na ukungu ukatoweka palepale. “Almasi haishiki pumzi ya mtu. Chukua utakalo. Kazi uliyonifanyia ya kuezeka banda hili inatosha kwa lolote.”

Muhidin alinyoosha mkono, akalishika la kahawia. Akaligeuza polepole, kisha akasita.

“Watu watasema nimemletea mchumba jiwe chafu,” alisema. “Lakini kila nikilitazama hili, namwona yeye. Shemeji, niambie wewe. Dada yako angependa lipi?”

Mboni alijua. Mwaka uliopita alikuja hapahapa na Chiku kutengenezesha kikuku, na Mzee Zubeiri alipokuwa akivukuta moto, Chiku aliliinua jiwe lile la kahawia juani. “Unaliona?” alimnong'oneza Mboni. “Maji tuliyokunywa kule milimani yalikuwa ya rangi hii. Maji ya dimbwi. Muhidin aliyachuja kwa kilemba chake, akaninywesha mimi na wewe kwanza, na yeye akanywa tope lililobaki. Nikiolewa siku moja, sitaki lingine.” Akalirudisha, na hakulitaja tena.

Mboni aliyajua yote hayo. Akaiwaza Kilosa, akauwaza uwanja usiofagiliwa na mtu na chumba chenye mkeka mmoja. Hakutaka ubaya. Alitaka mambo yachelewe kidogo tu, labda mpaka mvua nyingine, labda Muhidin angechoka akabaki Ifakara.

“Jeupe,” akasema. “Dada anapenda vitu vinavyong'aa.”

Muhidin aliliweka chini lile la kahawia. “Basi wewe ndiwe umjuaye,” alisema, na alitabasamu kwa shukrani. Tabasamu lile lilimchoma Mboni, lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka.

Sahani ililetwa na mke wa Mzee Zubeiri, aliyesimama upande wa Muhidin. Chiku aliipokea kwa mikono miwili, akatia vidole ndani ya mchele, akakitoa kitambaa na kukifungua. Shangazi akasogea kutazama.

“Mbona nzuri,” Shangazi alisema. “Inang'aa hiyo.”

“Nzuri sana, Shangazi.” Chiku alikifunga tena kitambaa. “Lakini aliyeichagua simjui. Niliyekuwa namngoja mimi hangenichagulia hii. Labda yule alibaki njiani, na aliyerudi ni mwingine.”

Akakaa nayo mapajani mchana kutwa. Baada ya sala ya alasiri aliinuka, akaifukia pete ndani ya mchele, akairudisha sahani kama ilivyokuja. Hakulia mbele ya mtu.

Mboni alikuwa amepata alichokitaka. Dada yake alibaki. Lakini asubuhi iliyofuata hakuna aliyemvuta kidole cha mguu. Aliamka mwenyewe, jua likiwa juu, akamkuta Chiku kinuni. Alikuwa akitwanga mpunga, na alikuwa ameutwanga mpaka mchele umekuwa unga, na bado alikuwa anatwanga.

“Dada, umekwisha kuwa unga.”

“Kumbe,” alisema Chiku, na akaendelea.

Siku zikawa hivyo. Uji ulipikwa, uwanja ulifagiliwa, ndege walifukuzwa, ila Chiku hakuwapo. Alikuwa pale na hakuwapo. Mboni alimsimulia visa vya kuchekesha, na Chiku alijibu “ehee” mahali pasipostahili. Mboni akaanza kumtamani dada yake na huku wamekaa mkeka mmoja, na hamu ile ilikuwa mbaya kuliko ile aliyokuwa akiiogopa, kwa sababu mtu aliye mbali angalau unaweza kumwita.

Kisha habari ikafika kwamba Muhidin anaondoka na msafara wa Kilosa, na kwamba hatarudi tena Ifakara.

Mboni alimwendea Shangazi barazani. Alisimama kwanza upande huu wa mkeka, kisha upande ule.

“Sema, mwanangu, unanikanyagia ukili,” alisema Shangazi.

Mboni akasema yote, tangu jiwe la kahawia hadi neno lake. Shangazi aliacha kusuka.

“Unataka nini kwangu?”

“Ukamwambie Shemeji. Wewe ni mtu mzima, atakusikiliza.”

“La. Kinywa kilichosema uongo ndicho kitakachosema kweli. Mimi siwezi kukuazima changu. Nenda, na uende sasa, wapagazi hawangoji mtu.”

Mboni alikimbia mpaka Lipangalala, ambako wapagazi walikuwa wakifunga mizigo. Alimkuta Muhidin amepiga goti juu ya mzigo wake, anavuta kamba.

“Shikamoo, Shemeji.”

“Marahaba.” Hakuinua uso.

“Nilikudanganya. Dada alitaka lile la kahawia. Anasema ni rangi ya maji uliyotuchujia kule milimani. Aliniambia mwaka jana. Nilijua, nikasema jeupe.”

Kamba ilimponyoka Muhidin mkononi. Akaketi chini, hivyo hivyo vumbini.

“Mkono wangu ulikuwa umekwisha kulishika,” alisema. “Kwa nini, Mboni?”

Hakumwita shemeji. Mboni aliliona hilo, na machozi yakamtoka.

“Nilitaka asiondoke.”

“Mimi niliondolewa kwetu kwa nguvu,” alisema Muhidin, “kwa hiyo nakuelewa kuliko unavyodhani. Lakini miaka yote ile nilijipa moyo kwamba yuko mtu mmoja anayenijua. Ukanifanya mgeni hata kwa huyo. Hilo limeniuma, sikufichi.”

“Nimekosa, Shemeji. Nisamehe.”

Muhidin aliutazama msafara, akautazama mzigo wake, kisha akaanza kuifungua kamba.

Walikwenda pamoja kwa Mzee Zubeiri. Mzee aliwasikiliza huku akikuna kidevu. “Desturi inasema pete iliyorudishwa haipelekwi tena,” alisema.

“Basi hakuna njia?” aliuliza Muhidin.

“Hiyo iliyorudishwa siyo hii ya kahawia. Na mke wangu hataipeleka, ataipeleka huyu. Tena hatanyamaza kama wanavyonyamaza wajumbe. Atasema.” Akamtazama Mboni. “Njia ya mwongo ni fupi, mjukuu wangu, lakini ya kurudi huwa ndefu. Uko tayari?”

“Niko tayari, Mzee.”

Pete ilipokuwa tayari, Mboni aliibeba sahani ya mchele kwa mikono miwili. Chiku alikuwa jikoni. Alipoiona sahani alikunja uso.

“Nani amekutuma na hicho?”

“Nimetumwa na kosa langu, dada.” Akapiga magoti, akasema. Hakupunguza kitu. Alisema Muhidin alilishika la kahawia kwanza, na kwamba yeye ndiye aliyemgeuza. Alipomaliza, alibaki ameinamisha kichwa akingoja kupigwa.

Chiku hakumpiga. Alitia vidole katika mchele, akafungua kitambaa, akalitazama jiwe lile dogo.

“Ulitaka nibaki,” alisema.

“Ndiyo, dada.”

“Mbona hukuniambia? Ungeniambia tu, Mboni. Tungekaa chini tukalia pamoja, mimi na wewe. Unadhani mimi sikuwa na kilio cha kukuacha? Uliniona nikitwanga unga siku zote hizo, ukanyamaza.”

“Nisamehe.”

“Nitakusamehe. Leo bado nina hasira, lakini nitakusamehe.” Akaivaa pete, akaumimina mchele chunguni, akampa Mboni sahani tupu. “Irudishe. Na usikimbie, utaivunja.”

Mboni alitembea hatua kwa hatua, na alipofika kwa Mzee Zubeiri, Muhidin aliipokea sahani ile tupu akaikumbatia kifuani mbele ya watu, bila haya.

Ndoa ilifungwa. Siku za mwisho Chiku na Mboni walifanya kazi zote pamoja, walizungumza mpaka makoo yakakauka, na walilia kila walipotaka kulia. Kisha siku ya safari ikafika, na msafara ukashika njia ya Kisawasawa. Chiku aligeuka mara nyingi mpaka Muhidin akamshika mkono asijikwae. Mwishoni alisimama, akapaza sauti: “Idi nitakuja, Mboni. Nitakuja mwenyewe.”

Mboni alibaki njiani, machozi yanatiririka, hata vumbi la msafara lilipotulia. Shangazi alimwekea mkono begani.

“Lia, mwanangu, ni haki yako,” alisema. “Hamu ya mtu umpendaye si aibu. Aibu ni kumwibia mwenzako ili hamu hiyo isikupate. Ungeshinda kwa uongo ule, Chiku angekuwa jikoni sasa hivi, na ungemkosa maisha yako yote. Ukiwa na jambo linalokuuma, liseme kama lilivyo, hata kama halipendezi, kama lile jiwe. Uongo haumzuii mtu kuondoka. Humzuia kurudi.”

Mboni alifuta uso kwa ncha ya kanga. “Atarudi kweli, Shangazi?”

“Amesema atarudi. Na wewe na yeye sasa mnaambiana kweli.”

Mboni aliyapima maneno hayo moyoni, akaona yanatosha. Wakarudi nyumbani polepole, na njiani akamwuliza Shangazi imebaki miezi mingapi mpaka Idi.