Mawese kwenye Reli ya Mlango

Kila Jumamosi asubuhi, kabla ukungu haujaondoka juu ya mabati ya Kasongo, Rachida alivuka barabara kwenda gereji ya mjomba wake Bulaimu kusafisha mlango. Wasichana wengine wa miaka kumi na miwili walifagia uwanja na kuchota maji. Rachida naye alifagia na kuchota, kwa kununa kidogo, lakini mlango ulikuwa wake peke yake na aliupenda.

Haukuwa mlango wa kusukuma kando kama milango mingine. Ulikuwa mabapa manne mapana ya bati nene yaliyounganishwa kwa bawaba. Ulipofunguliwa ulipanda juu, ukajikunja taratibu na kulala chini ya dari. Kila upande palikuwa na reli, na ndani ya kila reli vigurudumu vitano vya chuma. Tajiri mmoja aliuleta kutoka Kalemie miaka mingi iliyopita, kisha akahama akauacha.

Vigurudumu vile Rachida alivipa majina. Kimoja kilikuwa Kindu, kingine Samba, kingine Nyangwe, na kile cha chini kabisa upande wa kushoto kilikuwa Kabambare, kwa kuwa barabara aliyoijua yeye iliishia huko. Mlango ulipopanda, alisimama katikati ya gereji na kusikiliza ngurumo yake ndogo, akaona miji yote ikipaa polepole kuelekea darini, pamoja na masoko yake na kuku wake. Siku nyingine alisafiri hivyo mpaka chai ikapoa. Mama yake alisema kwamba akili za mtoto huyu zinajua kutoka, ila hazijui kurudi.

Bulaimu alikuwa amemwonyesha kazi mara tatu. Apanguse reli kwa kitambaa kikavu mpaka vumbi liishe. Kisha aweke tone moja la mafuta ya mashine katikati ya kila kigurudumu, na jingine kwenye kila bawaba. Reli yenyewe asiitie mafuta hata kidogo. La mwisho alilisema akiwa ameinua kidole: asiguse kabisa nati za vigurudumu vya chini, kushoto wala kulia. Mlango ukiwa umefungwa, springi mbili ndefu za darini huwa zimevutwa kwa nguvu zote, nazo zimefungwa kwa kamba ya chuma kwenye mabamba yanayoshika vigurudumu hivyo. Mlango ukiwa wazi, springi hulegea. Ukiwa umefungwa, ni mtego.

Na kulikuwa na ahadi. Mlango ukifika likizo kubwa bila kulalamika, Bulaimu angeanza kumfundisha Rachida injini. Msichana hakutaka kitu kingine duniani. Usiku aliota vyuma, na darasani alichora pistoni pembeni mwa daftari la hesabu.

Tatizo lilikuwa kitambaa. Juni ilifika, kiangazi kikaanza, na vumbi jekundu la barabarani liliingia kila mahali. Kupangusa reli kulichosha, tena kulikatiza ndoto. Jumamosi moja Rachida alitazama chupa ya mawese iliyosimama karibu na jiko la gereji. Kwao mawese yalikuwa dawa ya kila kitu: chakula, nywele, ngozi ya mtoto mchanga, hata mpini wa jembe. Kwa nini si reli? Akachovya vidole na kupaka kutoka juu mpaka chini. Mafuta yalimeta mekundu, na mlango ukapanda bila sauti kabisa, kama wingu. Rachida alipata saa nzima ya kuota, na Jumamosi mbili zilizofuata alifanya vilevile.

Mawese hayakumwambia kwamba yenyewe huganda asubuhi za baridi za kiangazi. Wala hayakumwambia kwamba vumbi hunaswa humo, na kwamba panya hushuka kulamba wakiacha uchafu wao. Alhamisi jioni, Bulaimu aliposhusha mlango, Kabambare ilipiga kelele, ikaburuzika na kukwama. Mlango ulifika chini, lakini haukukubali kupanda tena.

Bulaimu aliweka sikio kwenye bati kama daktari.

"Huu mulango unalia juu ya nini?" alijiuliza. "Kesho, nikitoka kuswali, nitaufungua nione kitu gani kinakula reli yangu."

Rachida, aliyesimama nyuma yake, alisikia kila neno, na usiku ule hakulala vizuri. Mjomba angefungua, angeona mawese, na injini zingekwenda zao.

Ijumaa, masomo yalipokwisha, alikuta gereji kimya. Bulaimu alikuwa msikitini. Mugisho, kijana kutoka upande wa Bukavu aliyefanya kazi naye, alikwenda kula. Rachida aliingia kwa mlango mdogo wa nyuma. Kigurudumu kipya kilining'inia kwenye msumari ukutani, na spana ilikuwa mezani. Aliwaza kwamba angebadilisha kile kibovu, afute mawese, na mjomba akirudi akute mlango mzima. Hata alijiona akisifiwa.

Bamba la Kabambare lilishikwa na nati tatu. Ya kwanza ilitoka kwa shida, ya pili kwa urahisi wa kushangaza. Alipoweka spana kwenye ya tatu, bamba likatoa mlio mwembamba na kuinama upande mmoja, na kamba ya chuma juu yake ikaanza kutetemeka. Rachida aliruka nyuma. Alingoja kidogo, akajaribu kuzirudisha zile mbili, lakini tundu na boliti havikuwa tena mahali pamoja. Sasa aliogopa kwa dhati. Alizitia nati mfukoni, akarudisha spana mezani, akatoka nje na kukaa juu ya tairi kuukuu.

Wakati huo ndipo Mama Cécilia, muuguzi, alipofika kwa miguu na sanduku la baridi la chanjo begani. Gari lake lilikuwa ndani ya gereji, likiwa limetengenezwa tangu jana. Watoto wa Kabambare walikuwa wakimngoja, alisema, na barafu haingoji mtu. Bulaimu alirudi kutoka msikitini akamkuta, akamweleza habari ya mlango kwa aibu. Mugisho naye alirudi, akasikia, akacheka. Alikuwa na mikono mikubwa na imani kubwa katika mikono hiyo. Alichukua mtaimbo.

Wakaingia wote. Mugisho alipiga goti kwenye kona ya kushoto, akachomeka ncha ya mtaimbo chini ya mlango, na kuinamisha kichwa aone vizuri. Kona ilikuwa na giza. Uso wake ulikuwa shubiri moja tu kutoka kwenye bamba.

Rachida alisimama kwenye mlango mdogo wa nyuma, ngumi mfukoni, nati mbili zikimuuma kiganjani. Akisema, amekwisha: mawese yatajulikana, spana itajulikana, na mjomba hatamwachia tena hata bisibisi. Asiposema, labda ile moja itashika. Labda. Lakini Rachida alikuwa mtu wa kuona yasiyokuwepo, na safari hii ndoto haikumpeleka Kindu. Aliona nati ya tatu ikikatika. Aliona springi ikivuta kamba, kamba ikivuta bamba, na bamba likipanda na kila kilicho mbele yake.

"Yaya Mugisho, usiguse," alisema, akimwita kaka mkubwa kama siku zote. Sauti ilitoka ndogo, akaikaza. "Bulo mbili haziko. Mimi nilizitoa. Iko moja tu inashika."

Akafungua kiganja ili wote waone zile nati.

Mugisho hakucheka tena. Alibaki ameinama, hajui kama aondoke au asitikisike. Bulaimu ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini sana.

"Mugisho, achilia mutaimbo polepole. Usiuvute. Sasa inuka, ukuje huku. Bote murudi nyuma, mupaka ku ukuta."

Hakumtazama Rachida. Hilo lilimuumiza kuliko kofi. Bulaimu alipanda ngazi kule ndani, mwisho wa gereji, mbali na kona ile, mahali springi ilipofungwa kwenye boriti. Kwanza alipitisha mnyororo ndani ya springi ili isiweze kuruka. Kisha alileta mnyororo wa kunyanyulia injini, akaishika springi kwa ndoana yake, na kuilegeza jino kwa jino. Kila jino lilisikika. Mama Cécilia alishika bega la Rachida, na Rachida hakujua kama ameshikwa kwa hasira au kwa huruma.

Springi ilikuwa imelegea karibu yote iliposikika *ta!* Nati ya tatu ilikuwa imechoka kungoja. Bamba liliruka kutoka kona yake na kugonga chuma cha mlango, kisha likaanguka sakafuni likizunguka. Walipokwenda kutazama, waliona bonde dogo kwenye bati, ndani kama nusu ya kidole. Mugisho alipiga magoti tena kwa hiari yake, akapima kwa mkono. Lilikuwa sawasawa na paji la uso wake. Alikaa chini kwenye vumbi.

Baada ya hapo kazi ilikuwa ya kawaida. Bulaimu alilegeza springi ya pili kwa njia ileile. Bamba lilinyooshwa kwa nyundo, kigurudumu kipya kikawekwa, nati tatu mpya zikakazwa. Springi zikavutwa tena, na watu watatu wakapandisha mlango hadi juu. Mugisho alisimamisha miti miwili minene chini yake, ili usishuke mtu akiwa chini. Ndipo Bulaimu akapitisha kidole ndani ya reli na kukinusa.

"Mawese," alisema.

Rachida alikubali. Alisimulia Jumamosi tatu bila kuruka hata moja, na jinsi alivyotaka kuficha kabla hajaonekana. Mama Cécilia, aliyekuwa akipakia sanduku lake kwenye gari, alitikisa kichwa na kusema kwamba wahenga hawakukosea: mficha maradhi, kifo humuumbua. Kisha akawasha gari. Jua lilikuwa limeanza kuinama, na ingembidi alale njiani, lakini barafu ingetosha. Vumbi lake jekundu lilibaki hewani muda mrefu, likielea kuelekea Kabambare.

Rachida alipewa kitambaa na kopo la mafuta ya taa. Alipangusa reli zote mbili mpaka chuma kikaonekana, machozi yakimtoka bila sauti. Hakuota chochote. Alipomaliza, Bulaimu alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akamwita.

"Mama, sikiliza vizuri," alisema, maana ndivyo alivyowaita wasichana wote wa ukoo. "Mawese ni kosa la mutoto. Kitambaa kimeliondoa, umeona wewe mwenyewe. Kutoa bulo nilizokukataza, hilo ni kosa kubwa zaidi. Lakini ungezificha ku mufuko dakika moja tena, leo tungekuwa tunamubeba Mugisho. Hiyo hakuna kitambaa cha kuipangusa."

"Najua, Mjomba."

"Kwa hiyo likizo hii injini hutaigusa. Utasafisha mulango, kila Jumamosi, kwa kitambaa kikavu."

Rachida aliinamisha kichwa. Alikuwa ameyajua hayo tangu alipofungua kiganja, lakini yalimchoma vilevile.

"Na likizo ya kisha hiyo tutaanza," Bulaimu aliendelea. "Nimekuwa na bafundi wakubwa hapa. Walijua kufungua kila kitu. Niliwafukuza, juu hawakujua kusema, 'Mimi nilifungua hii, na sikuifunga.' Mikono naweza kuifundisha. Neno hilo siwezi kumufundisha mutu, na wewe ulilisema mbele yetu sote, huku ukijua litakugharimu nini. Kaa nalo."

Mugisho alikuja akakaa chini kando ya Rachida, akamsogezea nusu ya muhogo wake wa kuchoma.