Nilifungia Vyombo vya Muziki, Mdogo Wangu Akaanza Orkestra Bila Mimi

Jambo hili limenigharimu gitaa tatu, seti ya ngoma, ampli mbili, jenereta na mdogo wangu wa mwisho. Nimehesabu mara mbili. Vyombo vyote viko chumbani kwangu, hakuna hata waya mmoja uliopotea. Anayekosekana ni mdogo wangu.

Nina miaka arobaini na mbili, ni mjane, nauza samaki wa chumvi kutoka Kasenyi, ziwani, hapa Bunia, mashariki mwa Kongo. Sokoni wananijua. Bei ya kwanza siilipi, na nisipopewa matabisi, ile nyongeza ya juu, siondoki. Hata misa ya marehemu bwana wangu niliipunguzisha bei!

Justin, mdogo wangu huyo, nilimlea mimi. Vita ilitukuta yeye akiwa mgongoni mwangu, ndani ya kitenge. Tangu aanze kusema ananiita yaya, dada mkubwa. Jina langu halijawahi kutoka kinywani mwake peke yake.

Gitaa alijifunza kwenye kwaya ya parokia, kama wanamuziki wengi wa huku. Kisha yeye na wenzake wakafukuzwa, eti wanaingiza muziki wa dunia kanisani. Dunia gani? Muziki ule sikuwahi kuusikia popote! Gitaa ililia kama pikipiki inayopanda mlima, na juu yake nyimbo ambazo bibi zetu waliimba wakitwanga muhogo.

Nikawanunulia vyombo. Kwetu, mwenye vyombo ndiye mwenye orkestra, kila mtu anajua. Vyombo vililala kwangu, ufunguo shingoni mwangu. Niliomba kitu kimoja tu: wanitupie jina, yaani mwimbaji amtaje mfadhili wake katikati ya wimbo, mji mzima usikie. Siku ya kwanza Justin akaita: "Yaya Aline! Yaya Aline wa Kasenyi!" Nililia mbele ya watu... mimi!

Tatizo likawa mpiga besi, Rodrigue. Kijana mpole, alikula sahani moja na Justin nyumbani kwangu. Lakini wazazi wake walikimbia kutoka Djugu, na walikuwa watu wa upande ule mwingine wa vita. Wakati huo vita ilikuwa imetulia, haikuwa imelala. Barabara ya Komanda ikifunguliwa wiki hii, wiki ijayo inafungwa. Kila habari mbaya ikifika, watu walitazama nani anakaa na nani.

Mama Furaha, jirani yangu wa meza sokoni, alisema kwa sauti wateja wasikie: "Aline, samaki yako iko na chumvi, lakini akili yako hapana! Unalisha wale?"

Wateja wakaanza kunipita. Kwanza mmoja mmoja, kisha asubuhi nzima.

Sikumchukia Rodrigue. Ningemchukia, leo ningekuwa na sababu ya kuwaambia... Nilifanya biashara tu. Nikafunga chumba, nikamwambia Justin: Rodrigue atoke, ufunguo utatoka. Nilijua atarudi kabla ya Jumapili. Mpiga gitaa asiye na gitaa ataenda wapi?

Justin alilaza mlangoni gitaa iliyokuwa bado mkononi mwake, polepole, kama mtu anayelaza mtoto. "Yaya, vyombo ni yako," akasema. "Mikono ni yetu."

Akaenda kukaa na kina Rodrigue kwenye kambi ya waliokimbia. Sikulia. Nilienda kupanga samaki.

Miezi ikapita. Sokoni wakaanza kusimuliana orkestra mpya ya kina Justin. Besi ya ubao na waya za breki za pikipiki. Ngoma za bidoni, yaani madumu, na sufuria zilizotoboka. Spika ya redio mbovu, betri ya pikipiki. Na walipiga vizuri kuliko walipokuwa na vyombo vyangu! Mama Furaha alishona kitenge kipya. "Twende, Aline," akaniambia, "muziki haiko na kabila." Yeye!

Nilienda, Jumapili alasiri, uwanja wa shule. Justin akaanza kutupa majina. Seremala wa ubao. Fundi wa pikipiki. Kambi nzima. Hata Mama Furaha, kwa ajili ya sufuria moja mbovu! Nilihesabu majina. Wimbo uliporudiwa, nikahesabu tena. Langu halikuwemo.

Walipomaliza nikapenya hadi mbele. Nilikuwa na bei yangu ya mwisho mdomoni: vyombo vyote, Rodrigue abaki, bila sharti. Justin akanishika mkono kwa mikono yake miwili, kwa heshima, akatabasamu.

"Aksanti kwa kuja, mama."

Mama... Kama anavyoitwa mwanamke yeyote sokoni. Nikarudi nyumbani na bei yangu, nikahesabu vyombo. Vilitimia.

Watu huuliza kwa nini Kongo inazaa orkestra nyingi hivi, hata hizi za ajabu zisizofanana na za Kinshasa. Mimi nimezaa mbili: ya kwanza kwa kununua vyombo, ya pili kwa kuvifungia. Ya pili ndiyo nzuri.

Wasomaji wenzangu, ukiwa na ufunguo wa kitu anachokipenda mtu wako, usimpangie bei nao. Atajifunza kuishi bila kitu hicho, halafu bila wewe.

Nishaurini. Nipeleke vyombo kambini bila kuitwa? Au ataona ninanunua jina? Sijawahi kuwa wa kwanza kushusha bei, sijui wanaoweza wanaanzia wapi.

Na wewe Justin, kama ukurasa huu utakufikia, hata ukiwa karatasi ya kufungia mandazi: wimboni usinitaje. Nirudishie neno moja tu, yaya. Ulitamke mara moja. Sitaomba matabisi.