Kinywa cha Kuazima

Jioni ile ng'ombe wa Mniko waligoma kuingia zizini. Walisimama langoni, wakanusa damu ya mbuzi aliyechinjwa, wakarudi nyuma kama waliosukumwa kifuani.

Mbuzi huyo alikuwa wa kumpongeza Rhobi, binti wa Mniko. Anasoma chuo kikuu huko Kenya, lugha za Warumi na Wayunani wa kale, na mwaka huu kawashinda wenzake wote, kapewa tuzo: medali ya kujaza kiganja. Majirani wa pale kijijini Nkende walikuja kuishika.

"Hicho Kirumi unaongea na nani?" mama yake mdogo, Tabitha, alimtania. "Si wenyewe walishakufa wote?"

"Basi nawaongelesha hao hao, mamdogo."

Baba yake, kwa majivuno tu, akamsimamisha langoni pa zizi, pale wanaposema na wafu wa ukoo, damu ikiwa bado mbichi. "Soma ulichoshindia, babu zako wasikie."

Rhobi akasoma, kwa Kirumi, maneno yaliyochongwa kwenye kaburi la mgeni aliyezikwa bila ndugu, kisha akayatafsiri: "Wewe unayepita, niazime kinywa chako."

Vigelegele!

Basi tangu hapo hakusema tena Kikurya wala Kiswahili. Alikaa jikoni akisema Kirumi tu, kwa sauti ya mwanamume aliyechoka, na chai yote ya mji wa Mniko ikanuka udongo wa kaburini. Chakula hakupitisha. Macho yalilia, kinywa hakikusimama.

Kesho yake akaitwa Nchagwa, bibi anayetuliza watoto wachanga kwa kuwatajia wafu wa ukoo mpaka apatikane mwenye jina analolilia mtoto. Akamshika Rhobi mkono, akataja wa kuumeni, akataja wa kwa mama, akataja hata waliopotelea machimboni Nyakunguru wasizikwe, na kila jina lilipotajwa ile sauti ilizidi kuharakisha, ikisihi, ikisihi, na nyayo zikasikika zikizunguka nyumba mchana kweupe, na mbwa wakajibana chini ya ghala bila kubweka.

"Huyu si wetu," Nchagwa akanong'ona.

"Mfukuze, mama. Mtoto ananiishia," Eunice, mama yake Rhobi, alijibu kwa kunong'ona vilevile.

"Nitamfukuzaje, na hasikii lugha yangu?"

Eunice akashindwa kuvumilia. Akapiga magoti, akainyooshea nyumba mkono. "Wewe uliye humo, kama unataka mji, huu hapa. Ingia, ukae. Niachie mwanangu!"

"Eunice, nyamaza!" Nchagwa akamkemea.

Rhobi akakohoa. Akaomba maji, kwa Kikurya. Mama yake akamkumbatia, akalia kwa sauti.

"Alikuwa anataka nini, mwanangu?"

"Alikuwa anaomba tumuage tu, mama, aende zake." Rhobi alikuwa akitazama kule vyumbani, kulikosikika kitanda kikilia. "Sasa anauliza chumba chake ni kipi."