Bumu la Kwanza ni la Wote

Ronan Thackray hakuwa na kodi ya Novemba. Hakuwa na soksi kavu, hakuwa na sabuni, hakuwa na koti la kukabili upepo wa Hull. Chumbani kwake hakukuwa na umeme tangu Jumanne. Hakuwa na hata stempu moja ya posta. Baba pia hakuwa naye. Baba alikuwepo, mzima wa afya, ng'ambo ya mto kule Grimsby, akikata samaki kiwandani, ila hawakuwa wamesemezana tangu siku walipomzika mama.

Alichokuwa nacho ni nafasi yake chuoni, mwaka wa pili, uhandisi wa meli. Nayo ilikuwa inamponyoka. Mkopo wa muhula ulipaswa kuingia Septemba. Ofisi ya mikopo ilitaka kwanza sahihi ya baba kwenye fomu ya kipato. Mwenye nyumba alitaka kodi Jumatatu adhuhuri. La sivyo, alitaka funguo. Bila chumba, Ronan angerudi Grimsby kwenye kisu na samaki, na chuo kingekuwa hadithi ya kusimulia.

IJUMAA, SAA KUMI JIONI

Walikutana chumba cha nyuma cha nyumba waliyopanga, kile kilichokuwa stoo ya baiskeli kabla mwenye nyumba hajakiita jiko. Walikuwa wanne, na mkopo wa kila mmoja, bumu kama walivyouita, ulikuwa umekwama kwa sababu tofauti.

Mkubwa wao alikuwa Stott, mwenye miaka arobaini na moja. Alifungwa kwa kuvunja maduka, akasoma humo humo gerezani, akatoka na cheti, akaja kusomea historia. Alikuwa nje kwa masharti. Kosa moja tu, anarudi ndani kumalizia. Kwa miaka mitatu hakugusa kufuli la mtu. Sasa njaa ilikuwa imemrudishia ufundi wake.

Alimwaga unga mwekundu wa viungo vya chipsi mezani, akachora kwa kidole.

"Duka la kufulia la Garside. Huku mbele mtaani. Huku nyuma ua, ukuta, uchochoro. Ndani mashine kumi na nne. Kila mashine inameza sarafu wiki nzima. Garside anazikamua Jumamosi usiku, akishatoka mpirani. Kabla ya hapo zimeshiba."

"Na mwenyewe?" aliuliza Ronan.

"Timu ikicheza nyumbani, anafunga duka. Baba yake alifunga, na yeye anafunga. Mkewe alijifungua mechi ikiendelea. Garside alitokea hospitali baada ya filimbi ya mwisho."

"Mtoto wakampa jina la kipa?" aliuliza Imran Sabir. Huyu alitoka Bradford. Aliacha famasia akaingia hisabati, na kwa kubadili huko ofisi ikamrudisha mwisho wa foleni.

"La refa. Nyamaza." Stott aligonga meza. "Wewe unakaa kona, unakula chipsi, unatazama mtaa. Bethan anangoja uchochoroni na gari. Mimi na Ronan tunaingia."

Bethan Prosser alikuwa Mwelisi, msichana mrefu asiyependa maneno mengi. Wikendi aliendesha gari la muuza maua. Alikuwa amekaa peke yake dirishani, koti limefungwa hadi kidevuni, dirisha wazi.

"Dada, funga hilo dirisha," alisema Imran. "Tunaganda."

"Mnanuka."

Kweli walinuka. Wiki nyingi walifua nguo kwenye bafu kwa sabuni ya vyombo, wakazianika kwenye viti katika nyumba isiyo na joto. Nguo zilikauka siku ya nne, zikinuka mbwa aliyenyeshewa.

"Na wewe unanuka," alisema Imran. "Tofauti yako, unanuka kwa siri."

Bethan alivuta kola ya koti juu.

"Umeingia ndani kuangalia?" Ronan alimuuliza Stott.

"Nilifua humo Septemba. Mashine hazina miguu."

"Septemba ni mbali, mzee."

"Sasa niingie leo na nini? Na tabasamu? Garside ameandika mlangoni: asiyefua asikae. Nimechungulia dirishani. Mashine zipo."

Ronan mwenyewe alipita mlango ule kila siku na hakuwa na la kumpeleka ndani.

Stott aliwatazama mmoja mmoja. "Tulikula kiapo mwezi wa kumi, sufuria moja la maharage, watu wanne. Tukisemeje?"

"Bumu la kwanza ni la wote," walisema. Bethan alisema wa mwisho.

"Kuna aliyeingiziwa?"

"Wapi," alisema Imran.

"Bado," alisema Ronan.

"Bado," alisema Bethan, akitazama nje.

Walipotawanyika, Stott alimshika Ronan mkono.

"Wewe ungeshalipwa, mwanangu. Sahihi moja tu. Mwandikie mzee wako."

"Heri niibe."

"Mimi nimeiba, na barua za kuomba radhi nimeandika. Kuiba ndiko rahisi. Ndiyo maana jela zinajaa."

"Basi kwa nini unakuja kesho?"

Stott alifuta ramani kwa kiganja, akalamba kiganja.

"Kwa sababu nina njaa."

JUMAMOSI, SAA NANE NA NUSU MCHANA

Baridi ilikuwa kali. Ukungu ulipanda kutoka mtoni, madimbwi yameganda tangu alfajiri. Garside alitoka na skafu yake nyeusi na ya manjano, akafunga mlango, akaujaribu mara mbili, akaondoka akipiga mluzi.

Imran alikuwa kona na chipsi zake. Bethan aliingiza gari uchochoroni, Stott na Ronan wakiwa ndani, akaacha injini inaguruma na redio kwa sauti ya chini. Alipoinama kuvuta breki ya mkono, harufu fulani ilimpitia Ronan puani. Aliijua, ila hakukumbuka ni ya nini. Hapakuwa na muda wa kuikumbuka.

"Twende," alisema Stott.

Ukuta wa ua ulipandwa vipande vya chupa juu. Walitupia zulia kuukuu, wakapanda, wakashuka. Stott alipiga goti mbele ya mlango wa nyuma. Alipuliza vidole, akaingiza waya kwenye kufuli. Vidole havikuwa vimesahau.

Mlango ulifunguka.

Joto ndilo lililowapokea. Ronan alisimama. Mwili mzima ulitaka kubaki pale, karibu na mashine za kukaushia, ukae tu. Alikuwa amesahau kwamba kuna vyumba vyenye joto duniani.

"Unaota? Shika mfuko."

Stott alichokonoa sanduku la mashine ya kwanza. Akalivuta. Lilikuwa zito. Wakatazamana, na kwa mara ya kwanza wiki ile Stott alitabasamu.

"Sikia uzito huo, mwanangu. Hiyo ni kodi yako."

Akalimimina. Mfuko ukavutika chini. La pili. La tatu. Ronan aliingiza mkono ndani ya mfuko, akaufumba, akaupeleka dirishani kwenye mwanga.

Akafumbua kiganja.

Vilikuwa viduara vya shaba. Havikuwa na kichwa cha mfalme wala cha malkia. Katikati palikuwa na tundu, na pembeni pamegongwa herufi G.

"Mzee."

"Nini?"

"Si hela."

Stott alichukua kimoja. Akakigeuza. Akakiuma. Ndipo wote wawili walipoinua macho ukutani, pale ambapo kutoka nje mtu hawezi kuona:

*Kuanzia tarehe mosi Novemba mashine hazipokei sarafu. Nunua tokeni kwa kadi.*

Stott alikaa sakafuni. Mabega yalitikisika. Ilimchukua Ronan muda kujua kwamba anacheka.

"Tokeni. Nimehatarisha shingo yangu kwa tokeni." Alifuta macho. "Mtaa mzima unajua hili, Ronan. Kila mwenye shati safi anajua. Sisi tu ndio hatujui."

Kila mwenye shati safi.

Kwenye kopo kando ya mashine kulikuwa na sabuni ya unga yenye harufu ya maua ya lavenda, ile ambayo Garside aliwapa wateja bure. Ronan aliinusa. Sasa akakumbuka. Alimwona tena Bethan akiinamia breki, akaliona koti lililofungwa hadi kidevuni na lile dirisha lililoachwa wazi.

"Bethan," alisema.

"Bethan nini?"

"Amefua. Amefua humu. Bumu lake limeingia."

Uso wa Stott ulikufa taratibu. "Basi alijua kwenye masanduku kuna nini."

"Alijua."

"Na akatuleta."

Honi ililia uchochoroni. Mara moja. Mara mbili. Mara tatu.

Ufunguo ukageuka mlango wa mbele.

"Kiwanja kimeganda!" Sauti ya Garside ilikuwa ikimlalamikia mtu barabarani. "Tumefika hadi getini, ndiyo refa anatuambia kiwanja kimeganda! Kwa nini wasiseme asubuhi?"

Walikimbia. Mfuko ulipasuka mlangoni, shaba ikamwagika ikivingirika ua mzima. Nyuma yao Garside alinguruma kama ng'ombe dume. Zulia lilikuwa limeteleza, limeanguka upande wa pili. Chupa zilibaki wazi juu ya ukuta, zikimeta.

Stott hakuuliza. Aliinama, akaunganisha viganja. "Kanyaga!"

Ronan alikanyaga, akarushwa, akalala juu ya ukuta, na chupa zikapenya suruali na nyama. Aligeuka, akashusha mkono.

"Shika, mzee!"

Stott aliruka. Viganja vilikutana, vimelowa damu, vikateleza. Aliangukia tokeni. Mguu wake ulitoa mlio kama kuni kavu.

"Nimekuona, mshenzi wewe!" Garside alikuwa amefika mlango wa nyuma.

"Mkono!" Ronan alipiga kelele. "Nipe mkono tena!"

Stott aliutazama mguu wake. Alimtazama Garside. Alimtazama Ronan, na sauti yake ikawa ya mwalimu aliyechoka.

"Nenda."

"Siwezi—"

"Nenda kaandike ile barua, mpumbavu wewe!"

Ronan alijiachia. Uchochoro ulimpokea kwa magoti.

SAA TISA NA ROBO

Kona ilikuwa tupu. Chipsi za Imran zilikuwa zimetapakaa barabarani, shakwe wanazigombania. Mwenyewe hakuonekana.

Mlango wa gari ulikuwa wazi. Bethan aliondoa gari kabla Ronan hajaufunga.

"Stott yuko wapi?"

Ronan aliuvuta mlango, akalibana paja lililokuwa likivuja damu. Walipita bandari ya zamani. Ving'ora viliwapita vikielekea walikotoka.

"Redio imesema mechi imefutwa," alisema Bethan haraka haraka. "Nikapiga honi. Nilipiga mara tu niliposikia. Ronan, Stott yuko wapi?"

"Unanukia vizuri," alisema Ronan.

Gari liliyumba kidogo. Akaliegesha kando ya ghala lililofungwa.

"Iliingia Jumatano," alisema Bethan. "Niliitazama ile namba kwenye simu. Nikaigawa kwa wanne. Nikaona ikifika Jumatatu hakuna hata mmoja wetu atakayepona. Nisipoigawa, napona mimi peke yangu." Aliuma mdomo. "Kitu cha kwanza nilienda kufua. Nilikaa pale nikitazama nguo zikizunguka, nikalia kama mtoto."

"Jana ulikuwepo. Stott anachora ramani."

"Ningesema tokeni, ungeniuliza nimejuaje."

"Ndiyo. Ningekuuliza."

"Nilidhani mtafungua sanduku moja, mtaona, mtatoka. Mnarudi mikono mitupu, tunacheka, yanaisha."

"Yeye anarudi jela, Bethan. Mguu umevunjika na anarudi jela."

Alilia sasa, bila sauti, mikono kwenye usukani. Kisha akatoa simu. "Chukua. Yote. Nalipa kodi yako sasa hivi. Jumatatu unabaki na chumba. Hakuna anayejua ulikuwepo. Stott hatakutaja, unamjua."

Ronan alimjua. Ndilo lililokuwa linamkaba. Chumba kilikuwa pale, ndani ya simu ile, umbali wa kidole, na muhula, na meli zote alizotaka kuja kuzijenga. Damu yake ilikuwa inachuruzika kwenye kiti cha muuza maua.

"Una stempu?" aliuliza.

"Nini?"

"Stempu. Ya posta."

Bethan alimtazama kama anayemtazama mtu aliyechanganyikiwa. Akafungua mkoba. Alikuwa na kijitabu kipya cha stempu, ununuzi wa mtu aliyepata hela majuzi. Akabandua moja, akampa. Kwenye droo ya gari kulikuwa na bahasha za ankara za muuza maua. Ronan alichukua moja, na kalamu.

Fomu ya ofisi ilikuwa mfuko wa ndani wa koti lake tangu Septemba, imekunjwa hadi mikunjo imeanza kuchanika. Aliitandaza gotini. Ilipata doa la damu pembeni. Nyuma ya karatasi ya ankara aliandika, bila kufuta neno:

*Baba, fomu hii inataka sahihi yako. Sikuombi hela. Isaini uirudishe kwa anwani iliyo juu yake, hata kama hutaki kuniona. Leo jioni nakwenda polisi hapa Hull. Wamemkamata mzee mmoja, na ule mlango tuliuvunja wawili. Ukitaka kuja, nitakuwa huko. Ronan.*

"Nikupeleke?" aliuliza Bethan.

"Nitatembea."

"Utanitaja?"

"Nitataja niliyoyafanya mimi."

Akashuka. Mguu uliuma kila hatua, na ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye taa. Sanduku la posta lilikuwa mwisho wa barabara, jekundu, peke yake. Alisimama mbele yake, akaulamba ukingo wa bahasha, gundi ikamjia ulimini na ladha ya damu. Akaukandamiza kwa kidole gumba kutoka mwanzo hadi mwisho. Akabandika stempu ya Bethan, kando ya anwani ya baba aliyoiandika garini.

Mkono uliingia hadi kwenye kifundo. Vidole vilikataa kuachia. Akahesabu pumzi moja, ya pili.

Akaachia, akaisikia barua ikigonga chini.