Kwa Ajili ya Nani

Sipendi hadithi za rafiki ya binamu ya jirani, kwa hiyo sitawapa hizo. Haya yalitokea ndani ya gari langu mwenyewe, saa nane mchana, jua likiwaka, na shahidi wangu ni mama mkwe wangu, ambaye yu hai, anakula, na anagomba kama desturi yake.

Jumanne ile ilianza kama Jumanne yoyote. Nilimpikia mama ugali laini na maziwa, nikamvalisha koti, nikamfunga kitambaa kichwani. Anaitwa Paraschiva, ana miaka themanini na sita. Mwanawe Sandu ndiye aliyekuwa mume wangu. Sandu alifariki, huu ni mwaka wa nne, nami nikabaki na mamake katika vyumba viwili vya ghorofa ya tatu, mjini Buzău, kwenye jengo ambalo lifti yake ilikufa kabla ya Sandu.

Niseme wazi kabla sijaendelea, msije mkaniona mwema kuliko nilivyo: nilikuwa nimechoka. Septemba mama alitoka na gauni la kulalia akaenda kituo cha basi kumsubiri Sandu atoke kazini. Akarudishwa na polisi. Wiki mbili baadaye akaenda tena. Mimi nashona mapazia dukani kwa watu, na bosi wangu aliniambia nikikosa kazini mara nyingine nisijisumbue kurudi. Nilitaka mahali pa kumweka mama. Pazuri pakiwepo, pa kawaida pasipokuwepo.

Mnauliza kama hana mtoto mwingine? Anaye. Wifi yangu Marilena yuko ng'ambo, Torino, mwaka wa kumi na saba. Kila jioni hupiga simu ya video, na kazi yake kwenye simu ni kutoa amri. Safari hii alinitumia orodha ya maswali thelathini na mawili ya kuuliza kila nyumba ya wazee. Je, chooni kuna vishikio? Je, dirisha linatazama miti? Je, wazee wanacheka? Anayetaka kujua kama wazee wanacheka si aje awatekenye mwenyewe!

Nyumba ya kwanza ilinuka mkojo tangu getini. Ya pili ilikuwa na marumaru mpaka ukutani, lakini kulikuwa na foleni. Nilipouliza foleni ni ya muda gani, dada wa mapokezi akanijibu bila aibu, "Mpaka wafe kumi na mmoja." Mama akamwambia, "Basi anza wewe, mwanangu, upunguze." Tukatoka.

Ya tatu ilikuwa juu milimani, lami ilipokwisha. Nyumba nyeupe, bustani imefagiliwa, hakuna hata kopo limetupwa. Msimamizi, Bi Olimpia, alitupokea mlangoni. Mwanamke mnene, sauti laini, mikono ya moto. Nafasi ilikuwepo. Vishikio vilikuwepo. Miti ilikuwepo. Nilikuwa natia alama za ndiyo mpaka kalamu inateleza.

"Swali la kumi na tisa," nikasema. "Mwaka jana mlizika wangapi?"

"Hakuna."

"Na mwaka juzi?"

"Sisi hatuziki, mpenzi."

Nikatia alama ya ndiyo. Mtu mwenye akili timamu angesimama hapo kidogo. Mimi nilikuwa nawaza kituo cha basi.

Akatupitisha chumba cha kulia. Wazee kama kumi na watano walikuwa mezani, safi, wamechanwa nywele. Mbele ya kila mmoja palikuwa na mshumaa unawaka, mchana ule, na kisahani cha koliva, ile ngano tamu ambayo sisi tunaijua kwenye matanga. Kando ya kila mzee palikuwa na kiti kitupu, kimevutwa nyuma kidogo.

"Leo kuna arobaini ya mtu?" nikauliza.

"Kila siku kuna wa kukumbukwa," akasema Bi Olimpia.

Mama akaniminya mkono. "Domnica. Twende zetu."

"Hatujaona chumba, mama."

"Watazame wanavyokula."

Nikawatazama. Kila mzee alichota kijiko, akakisimamisha hewani, akakitazama kile kiti kitupu. Akangoja. Ndipo akatia mdomoni.

"Ni uzee," nikamwambia.

"Mimi ni mzee," akasema mama. "Mimi simngoji mtu kula."

Chumba kilikuwa kizuri kuliko changu. Kitanda cha mbao, blanketi jipya la sufu, taulo, kikombe cha udongo, meza, kiti, na chini ya kitanda ndara mpya. Kila kitu kimefungwa uzi mwekundu na mshumaa mwembamba. Hapo hata mimi nilielewa. Vilikuwa vitu vya sadaka, vya marehemu. Kwetu mtu akifa, watu wake huwapa wengine nguo, vyombo, hata kitanda, ili naye avipate kule aliko. Ukipewa husemi asante. Unasema bogdaproste, yaani Mungu amsamehe marehemu. Ukishalitamka neno hilo, kitu utakitumia wewe hapa duniani, lakini mwenyewe ni yeye.

Sikuona ubaya. Nyumba maskini, imepewa vitanda na watu wema. Nilijiambia hivyo.

Bi Olimpia akainama, akaziokota ndara, akamnyooshea mama kwa mikono miwili. "Pokea, mama."

Mama akaficha mikono nyuma kama mtoto. "Kwa ajili ya nani?"

"Pokea kwanza."

"Nimeuliza, kwa ajili ya nani? Sadaka hutajwa jina kabla. Nani amekufundisha kazi wewe?"

"Jina linakuja baada ya neno," akasema yule mwanamke, bado anatabasamu.

"Basi sipokei. Sijui namvalia nani."

Hapa ndipo nilipofanya kosa langu, na sina wa kumsingizia. Nyumba tatu kwa siku moja. Maswali thelathini na mawili. Mguu unawaka moto kwa kukanyaga klachi. Na bibi huyu anabishania ndara! Hasira zikanipanda kichwani.

"Mama, usinitie aibu!" Nikazinyakua zile ndara. "Bogdaproste! Haya, bogdaproste, yamekwisha?"

Mama akafumba macho.

Bi Olimpia akaacha kutabasamu. Alifanya ishara ya msalaba, akasema taratibu, "Ziwe mbele yake marehemu Filofteia."

Kitanda kikalia.

Hakuna aliyekigusa. Sisi watatu tulikuwa mlangoni. Blanketi likabonyea katikati, polepole, kama mtu anapokaa akiwa na maumivu ya kiuno. Kisha mto nao ukabonyea.

"Amechoka," akanong'ona Bi Olimpia. "Amengoja sana."

Sikumbuki ngazi. Nakumbuka nimemshika mama kwapani, namburuta. Tukapita chumba cha kulia. Vijiko vyote vilikuwa hewani. Hakuna aliyetugeukia. Viti vyote vitupu vilikuwa vimesogezwa mezani.

Msimamizi hakutufuata. Alibaki juu ya ngazi, akasema kwa sauti ile ile laini, "Kilichopokelewa kimepokelewa, mpenzi. Mwendo mwema."

Kufika kwenye gari ndipo nikaona bado nimeshika ndara. Nikazitupa kiti cha nyuma ili nipate mikono ya kutafuta funguo. Nikawasha gari, nikaondoka, mawe yanaruka.

Gari langu lina kengele ya mkanda. Mtu akikaa bila kujifunga, inalia, hata kwa viti vya nyuma. Mita mia mbili tu, ikaanza.

Ti. Ti. Ti.

Nikatazama mkanda wangu. Nimefunga. Wa mama umefungwa. Kwenye kioo kidogo cha dashibodi taa nyekundu ilikuwa inaonyesha kiti cha nyuma, upande wa kulia.

"Ni ndara," nikasema.

"Ndara za sufu," akasema mama. "Zina kilo ngapi?"

Nikasimamisha gari. Nikashuka, nikafungua mlango wa nyuma, nikazirusha ndara zote mbili mtaroni. Kiti kikabaki kitupu, nimekiona kwa macho yangu, nimekipapasa kwa mkono. Kilikuwa cha moto. Nikarudi, nikaondoa gari.

Ti. Ti. Ti.

Nikaanza kulia. Si kwa hofu peke yake, bali kwa uchungu pia. Nilihisi dunia nzima imekaa mgongoni kwangu na bado inaongeza abiria. Mama akanitazama. Kisha akageuka nyuma, kwa shida, shingo yake haigeuki vizuri.

"Filofteia," akasema, kwa ukali wa kawaida kabisa. "Funga mkanda. Huyu mtoto atatuua."

Nyuma yangu kitu kikavutwa. Kikalia kwacha.

Kengele ikanyamaza.

Nikaendesha kilomita sitini. Tulipofika chini ya jengo letu, mama hakushuka. Alishika kishikio cha mlango, macho mbele.

"Utanirudisha kule?"

"Hapana."

"Marilena akikulazimisha?"

"Marilena aje anilazimishe kwa miguu yake, si kwa simu."

"Niliogopa," akasema mama. "Nilidhani ni mimi unayenitoa sadaka."

Maneno hayo yalinichoma, maana hayakuwa mbali na ukweli. Nikamkumbatia palepale garini. Nikamwahidi kwamba atafia mikononi mwangu, na kazi ikipotea na ipotee. Nilimaanisha. Tukapanda ngazi, mimi na yeye, pumziko kila ghorofa, na kila tuliposimama nilisikia hatua moja zaidi ikimalizia nyuma yetu. Nilikwenda kutafuta pa kumweka bibi mmoja, nikarudi na wawili.

Saa kumi na mbili Marilena akapiga. Nilikuwa jikoni namenya viazi. Mama alikuwa amekaa nyuma yangu karibu na dirisha, kitambaa amekivua, nywele zake nyeupe zimemwagika mabegani, jua la jioni linamwangukia. Nikaisimamisha simu kwenye kopo la chumvi.

"Haya, niambie," wifi akaanza. "Ile ya tatu vipi? Uliuliza kuhusu vishikio?"

"Mama haendi popote. Atakaa na mimi."

"Domnica, tusianze. Utamtunza vipi na wewe uko kazini kutwa?" Kisha akasogeza uso kwenye kioo. "Aa, kumbe! Si ungesema umempata mtu!"

"Mtu gani?"

"Huyo hapo. Anayemsuka mama." Akacheka. "Mwambie asivute sana, mama kichwa chake laini."

Kisu kikanitoka mkononi.

Niligeuka. Mama alikuwa peke yake. Amefumba macho, ameinamisha kichwa mbele kidogo, anafurahia. Nywele zake zilikuwa zimesukwa msuko mmoja mnene, umekaza, wa kizamani, umeshuka mpaka kiunoni. Mikono ya mama haijaweza kufunga kifungo kwa miaka sita.

Nikakata simu. Nikapiga magoti mbele yake.

"Mama," nikanong'ona. "Yupo?"

"Yupo."

"Anataka nini?"

Mama akasikiliza. Alikuwa anatikisa kichwa kama mtu anayeelezwa bei ya nyanya.

"Anasema kule ana kila kitu. Kitanda, blanketi, kikombe. Kasoro mwenzake wa chumba."

Nikamshika magoti kwa nguvu. "Hakupati. Umesikia? Mwambie hakupati. Hukupokea kitu wewe."

"Najua," akasema mama. Akafungua macho, akanitazama kwa huruma ambayo sijawahi kuiona kwake, hata siku tulipomzika Sandu. "Si mimi anayeningoja, mwanangu. Mimi sikulisema neno."

Kwa padri nimekwenda. Amenyunyiza maji vyumba vyote viwili, amekula, ameaga. Mama hatoki tena kwenda kituo cha basi, kutwa yuko nyumbani, anazungumza, na nikirudi kazini nakuta vikombe viwili vimeoshwa. Marilena anamsifu sana yule msaidizi. Anauliza nimempata wapi.

Mimi nilinyoa nywele Sandu alipokufa, na tangu hapo nazikata fupi, hazifiki hata sikioni. Alhamisi iliyopita, dukani, mteja mmoja alisimama nyuma yangu wakati napima kitambaa, akaniambia, "Dada, huo msuko umekupendeza." Nikapeleka mkono kisogoni. Ulikuwepo, mmoja, mwembamba, urefu wa kiganja. Nilichukua mkasi wa mapazia nikaukata, nikautazama kwenye meza. Nywele zilikuwa nyeupe, zimefungwa uzi mwekundu, na zilikuwa bado za moto.