Jini Aliyesagwa Unga

Maji yalikataa kulia. Ndivyo ilivyoanza pale Mahege, kwa Mshamu wa mashine, na mtu akikuhadithia vingine, huyo hakuwepo. Waride, mkewe Mshamu, alifungua koki ya ndoo mpya, akakinga kikombe. Maji yakashuka, kikombe kikajaa mpaka kikamwagika, mlio hakuna. Kama unamimina pamba. Akanywa. Matamu, hayana tope wala chumvi. Akasema labda masikio yamemziba, mimba ina mambo yake, na hiyo ilikuwa ya miezi minane, ya kwanza, baada ya miaka ya kuitwa tasa na kila mwenye mdomo kuanzia Ikwiriri mpaka Kilwa.

Ndoo kaileta Mudathiri, mtafiti wa chuo kikuu huko Dar. Nyuma ya mashine ya kukobolea mpunga ya Mshamu kulikuwa na kilima cha pumba na majivu, Rufiji nzima hakina mwenzake. Ukipanda juu siku ya jua kali unaziona meli za bandarini Dar. Chini kwa chini kilikuwa kinaungua toka enzi za babu yake, hata mafuriko hayakukizima. Watu wa pale hawachoti majivu bila kupiga hodi, maana jaa kubwa namna ile halikosi mwenyewe. Mudathiri hakupiga hodi. Alijaza gunia, akafunga kwenye bodaboda, huyo. Chuoni wakayachoma tena kwenye tanuri, wakayaosha kwa asidi, wakayasaga mpaka ukawa unga ambao chembe zake laki nzima ukizipanga hazifiki unene wa unywele. Wenyewe wanaita nano. Unga huo wakautengeneza chujio, wakalitia ndani ya ndoo.

"Limetoka kwako, kaka, lianzie kwako," Mudathiri alimwambia Mshamu. "Hapa hapapiti uchafu."

Akanywa yeye, akanywa Mshamu, akanywa Bi Tatu mama yake Mshamu. Jirani yao Swalehe akaleta galoni, akajaziwa.

Basi nyumba ikaanza kunuka pumba zinazoungua, jikoni hakuna moto. Halafu ganzi. Waride aliepua sufuria ya wali kwa mikono mitupu, akaitua taratibu, ngozi ya viganja ikabaki kwenye sufuria.

"Mama, hii ngozi yangu," akamwambia mkwewe, kama anayeonyesha kifungo kilichokatika.

"Naiona," akasema Bi Tatu, akaendelea kupeta mchele. Na huyo alikuwa kamzika ndugu yake wiki ile ile asidondoshe chozi, yeye ambaye akilia msibani mamba wanatoka mtoni.

Kliniki Kibiti nesi alimpima Waride. Tumbo lilikuwa linanyanyua khanga, kila mtu anaona.

"Anacheza huyo. Husikii?"

"Namwona tu."

"Mapigo yake yanapungua, dada. Kesho asubuhi urudi, usikose."

Mshamu aliyasikia maneno hayo akangoja hofu ije. Haikuja. Akaitafuta, haikuwepo. Hapo ndipo alipompigia simu fundi Biasha wa Maparoni, mwanamke mnene mwenye utani, aliyetoa majini ambayo masheikh saba waliyakimbia wakaacha viatu.

Alifika siku hiyo hiyo, jua la utosi.

"Nyumba gani hii, hata karibu hamna? Mmekufa?" Hakucheka mtu. Akawatazama mmoja mmoja, utani ukamwisha. Akafukiza ubani, moshi ukagoma kupanda, ukatambaa chini mpaka miguuni kwa Waride. "Uliyemo, panda kichwani useme. Nani wewe?"

Waride akafumbua mdomo. "Mimi," akasema, akanyamaza.

"Nilikuwa," akasema Bi Tatu kutoka kibarazani, bila kugeuka, na kabla Biasha hajauliza anayesema ni nani, Mshamu aliyekuwa ameshika mlango akasema, "mmoja," kwa sauti yake mwenyewe lakini macho yake hayamo, na Swalehe aliyekuja na galoni lake akaliweka chini penye ua akasema, "mkanisaga," na Mudathiri, aliyekuwa amerudi kukagua ndoo yake na anaandika joto la maji, akainua uso taratibu kama mtu aliyeitwa na mkubwa wake, akasema, "nikusanyeni," kisha wote watano wakafunga midomo kwa pamoja, na ile harufu ya pumba ikajaa mpaka kuku wakatoka uani wakikimbia.

"Wamemgawa jini wa jaa," Biasha akanong'ona. "Hawezi kutoka vipande. Anataka kiti kimoja, mtu mmoja wa kumkalia mpaka kaburini."

"Anikalie mimi," Waride akasema. "Sioni tofauti."

"Na mtoto? Ganzi ikimfika, atasahau kuzaliwa."

"Basi nipe mimi," akasema Mshamu. Alisema vile vile anavyoagiza dizeli.

Biasha akawatemesha mate wote watano kwenye bakuli la maji, mmoja baada ya mwingine, vipande vikutane. Mshamu akanywa lote. Alipomeza funda la mwisho, Bi Tatu alipiga ukelele wa kumlilia ndugu yake, ukelele ambao Kibiti waliusikia. Mudathiri akaanguka magotini analia na hajui analilia nini. Waride akatazama viganja vyake akapiga yowe, akajikunja, halafu akashika tumbo.

"Kanipiga! Mume wangu, kanipiga teke!"

Mshamu akafuta midomo. "Sawa," akasema.

Mtoto alizaliwa mwezi uliofuata, wa kiume, mapafu yake yanatosha watoto wanne. Wanawake wakapiga vigelegele, wakampeleka kwa baba yake amwadhinie. Mshamu akampokea, akainama kwenye sikio la kulia, akaadhini vizuri, hakukosea neno. Akamaliza. Akamtazama yule mtoto, akawatazama watu wote pale ndani, mpaka Waride kitandani.

"Haya," akasema, "mwenye mtoto aje amchukue."